Boksi Lililosubiri Kujaa

Wazazi wenzangu, na nyinyi wanetu mnaosoma, leo nawapeleka katika nyumba moja yenye mlango wa bluu, nyumba ambayo ungeipita barabarani usigeuze shingo. Haikuwa na jambo kubwa la kutazamwa. Lakini ingieni nami taratibu, maana yaliyotokea humo yanaweza kutokea kwako na kwangu.

Ilikuwa Jumapili alasiri, jua limepoa. Mwenye nyumba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ana nyundo ndogo na kopo la misumari iliyopinda, anainyoosha mmoja mmoja ili itumike tena. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anapunguza kiuno cha suruali ya mteja, mdomoni ameshika pini. Chini, mgongo wake umeegemea ukuta, alikaa mtoto wao wa mwisho, kijana askari, aliyekuja likizo. Alikuwa anang'arisha buti. Kila mtu na kazi yake, na chai inapoa kwenye vikombe. Amani ilikuwa imejaa humo ndani, wala hakuna aliyeijua kwa jina, maana amani hatuijui mpaka iondoke.

Yule kijana alitemea mate kwenye ncha ya buti, akasugua, akasema bila kuinua macho, "Nimechaguliwa kwenda ng'ambo. Kulinda amani. Mwezi ujao."

Cherehani likanyamaza. Mama akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa kiti.

"Ng'ambo wapi huko?" akauliza.

"Mbali, Mama. Kuna mvua na baridi. Lakini hatupigani, tunalinda tu."

"Anayelinda huwa analinda kitu kisipigwe," akasema mama, "na kinachotaka kupigwa kina mpigaji." Kisha akaendelea kushona, lakini mshono wa siku ile ulikwenda upogo, ikabidi aufumue.

Kijana huyo alikuwa kitinda mimba, na kwa hiyo tangu utoto wakamwita Kitinda, jina likamganda hata alipoota ndevu. Baba yake mtaani walimwita Mzee Kamba. Sababu ni kwamba mfuko wake haukukosa kipande cha kamba, na kamba ikidondoka barabarani yeye huiokota, huikunja, huitia mfukoni. Tangu ujana mpaka kustaafu alikuwa mfungaji mizigo katika bohari kubwa. Kazi ilikuwa mikononi mwake na machoni mwake. Mwekee lundo la vitu sakafuni, vyungu, vitabu, viatu, chupa, atavitazama kidogo, ataleta boksi, na vyote vitaingia, na ukilitikisa hutasikia kitu. Alikuwa na neno lake alilowafundisha vijana wa bohari: "Hewa hailipiwi nauli." Maana yake, mzigo ukiwa na nafasi tupu ndani, umelipa pesa kusafirisha hewa, na hewa iko kila mahali bure.

Naomba mnielewe vizuri. Mzee Kamba hakuwa bahili wa kunyima. Watoto wake walikula wakashiba, wakasoma. Ila aliuchukia upotevu kama wengine wanavyomchukia nyoka. Na kitu kizuri, wazazi wenzangu, kikizidi kipimo, nacho huuma.

Kitinda alipoondoka, baba yake alikwenda posta kuulizia namna ya kumtumia mahitaji bila kujifilisi. Karani wa pale, binti mpole mwenye miwani, alimweleza vyema.

"Mzee wangu, kuna njia mbili. Kuna bahasha nene ya vitu vidogo, hii inakwenda kwa ndege, haikawii. Halafu kuna hili boksi la askari. Hili bei yake ni moja tu, liwe zito liwe jepesi, mradi kifuniko kifunge. Ila linakwenda polepole."

"Subiri, binti yangu. Yaani nikitia unyoya au nikitia tofali, bei ile ile?"

"Ile ile, mzee."

Mzee Kamba alicheka peke yake pale kaunta. Alilipenda lile boksi kama mtu aliyeonyeshwa mchumba. Akalileta nyumbani kichwani, akaliweka juu ya meza ndogo ya sebuleni, akalizunguka, akalipima kwa shubiri.

"Mama Kitinda," akasema, "humu ndani nitamtilia mtoto duka zima. Kwa bei moja!"

Basi hapo ndipo jambo lilipoanzia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mengi ya kututoa machozi katika dunia hii huanza hivyo hivyo, na mtu anayecheka.

Kitinda alikuwa anapiga simu Jumapili. Mama aliiweka simu ndani ya kikombe kikavu ili sauti itoke kubwa, wakaiinamia wote wawili kama watu wanaoota moto. Simu ya kwanza ilikuwa ya vicheko. Alisema mvua ya huko hainyeshi, inakaa. Buti zinaingia maji asubuhi na haziwahi kukauka.

"Mkipata nafasi," akasema, "nitumieni soksi za sufu. Na mafuta ya kupaka miguu. Basi tu."

Mama hakungoja. Jioni ile ile alitoa sindano za kufumia. Alifuma soksi za kijivu, nene, kisigino akakifuma mara mbili, kwa sababu Kitinda tangu mdogo alikuwa anatoboa visigino. Zilipokwisha akaziweka ndani ya boksi pamoja na kopo la mafuta. Zilionekana kama ndege wawili katika uwanja wa mpira.

"Kesho tupeleke," akasema.

Mzee Kamba alimtazama kama aliyesikia tusi. "Tupeleke nini? Hilo boksi ni tupu, Mama Kitinda! Tulipie hewa? Haba na haba hujaza kibaba. Tulia lijae."

Wakaanza kulijaza. Akaja na sabuni, akaja na sukari kwenye kopo, dawa ya meno, karanga za kukaanga, biskuti, nyembe, kitabu cha michezo. Jioni baada ya chai alitandika gazeti sakafuni, akavua viatu, akapiga magoti mbele ya boksi. Ungemwona! Soksi moja aliitia ndani ya kikombe cha bati, kikombe akakitia ndani ya sufuria ndogo, pembeni ya sufuria akachomeka mswaki, na soksi ya pili akazibia pengo lililobaki. Sabuni aliifunga kwenye mfuko peke yake na kuiweka kona ya mbali. "Sabuni na biskuti hazilali chumba kimoja," alisema, "la sivyo mtoto atakula biskuti atoe povu." Mama akacheka. Kwa siku chache lile boksi lilikuwa kama mtoto mchanga ndani ya nyumba.

Simu nyingine ilipokuja, Kitinda aliwaeleza jinsi mizigo inavyogawiwa kambini.

"Lori linakuja, wote tunapanga mstari. Sajini anapanda juu, anasoma jina, ukiitwa unaitikia 'Nipo!' kwa nguvu, unatupiwa mzigo wako. Baba, watu wazima wanaruka kama vitoto! Juzi mmoja alitumiwa vitambaa vya pua tu, akavionyesha kambi nzima."

"Lako halitarushwa," akasema Mzee Kamba kwa fahari. "Lako watalibeba watu wawili."

"Nimewaambia hivyo hivyo," Kitinda akacheka. "Nimewaambia baba yangu ni fundi wa kufunga mizigo, anapakia, subirini muone. Liko njiani?"

"Liko karibu kujaa."

Sasa sikilizeni ajabu. Boksi lile halikujaa. Mzee Kamba alikuwa fundi mno. Kila alipoona limekaribia juu, alilifungua tena, akatoa vyote, akavipanga upya kwa akili zaidi, na vikiisha kupangwa, nafasi mpya ikazaliwa. Alifurahi. "Unaona? Hapa panaingia kopo la maziwa!" Akatafuta maziwa. Akapanga tena, pakatokea mwanya wa kuingiza mshumaa. Mtu asiyejua kupanga angekuwa amefunga na kutuma zamani. Ufundi wake mwenyewe ndio uliomponza.

Kinyozi jirani yao, mwenye kibanda chake mkabala na ule mlango wa bluu, naye alikuwa na mpwa wake katika kambi ile ile. Yeye hakuwa na boksi. Alinunua ile bahasha nene, akatia wembe na pakiti ya biskuti zilizovunjika nusu, akatuma. Wiki zikipita, anatuma nyingine.

"Mzee Kamba," alimwita siku moja akiwa anamnyoa mteja, "lile boksi lako bado lipo sebuleni? Likiota ndevu uniite nije nilinyoe!"

Wateja wakaangua kicheko. Mzee Kamba akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Wewe cheka. Unatuma biskuti makombo kwa nauli ya ndege. Huo ni uungwana?"

"Makombo yamefika, mzee wangu. Mpwa wangu amekula na vumbi lake. Yako mazima anayala nani, panya?"

"Akiba haiozi!"

"Haiozi, kweli. Lakini chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako." Kinyozi alisema kwa mzaha, akapuliza nywele kwenye shingo ya mteja. Neno la mzaha nalo huwa linasafiri, hujui litatua wapi.

Nyumbani mama hakuwa anacheka tena. Kila Jumapili alisikia kitu katika sauti ya mwanawe ambacho baba hakukisikia, au alikisikia akakifunika. Siku moja alizitoa soksi na mafuta ndani ya boksi, akavishika mkononi.

"Baba Kitinda, nipe ruhusa nizitume hizi kwa bahasha. Vingine vitafuata."

"Halafu? Boksi likifuata umelipa nauli mbili kwa safari moja. Mambo gani hayo?"

"Mtoto miguu inamuuma."

"Jeshi lina madaktari."

"Jeshi lina madaktari," akasema mama, "halina mama. Kidogo si haba, mume wangu. Kidogo kilichofika kinashinda kingi kilichokaa."

Mzee Kamba akazichukua soksi mikononi mwake, si kwa ukali, akaitia moja tena ndani ya kikombe na ya pili penye pengo lake. "Zikitoka hizi, mpangilio wote unaharibika," akasema. "Nivumilie kidogo. Unadhani mimi simpendi?"

Mama akanyamaza kwa heshima ya mume. Ukimya ule, ndugu zangu, aliubeba baadaye kama jiwe.

Kisha ikaja Jumapili ambayo nataka muisikie vizuri. Simu ilikuwa inakatika katika, na sauti ya Kitinda ilikuwa chini, kama mtu anayezungumza huku amelala.

"Miguu vipi, baba?" mama akauliza. Alizoea kumwita mwanawe hivyo alipokuwa na huruma.

"Ipo, Mama. Inatembea." Kisha akauliza, "Baba yupo?"

"Nipo, kijana wangu. Boksi limebaki kona moja tu. Nataka nipate kitu cha kuziba kona, halafu nafunga."

"Baba, usitafute kitu."

"Kwa nini?"

"Litume hivyo lilivyo. Au toa vitu vyote, litume tupu."

Mzee Kamba akacheka. "Tupu? Utakula upepo?"

"Nataka jina langu liitwe tu, Baba. Mara moja. Mimi hapa sijawahi kusema 'Nipo'."

Mama alimshika mumewe mkono. Mzee Kamba akakohoa, akatafuta neno, na neno lililokuja mdomoni lilikuwa lile alilolitumia maisha yake yote.

"Mwanangu, unajua baba yako. Hewa hailipiwi nauli."

Huko mbali Kitinda naye akacheka, kicheko kifupi. "Sawa, Baba," akasema. "Sawa."

Basi, hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho.

Jumapili iliyofuata simu ilikaa ndani ya kikombe mpaka jua likatua, haikulia. Mzee Kamba alisema labda mtandao, labda zamu. Lakini asubuhi alipoamka hakunywa chai. Alitwaa utepe wa gundi, akafunga boksi na kona yake tupu, akalizungushia kamba, akalibeba begani mpaka posta akiwa amevaa ndala za mkewe bila kujua.

Karani akagonga mhuri. "Hatimaye, mzee wangu! Limejaa?"

"Halikujaa," akasema Mzee Kamba. "Lipeleke tu, binti yangu. Lipeleke haraka."

"Hili haliendi haraka, mzee. Nilikuambia siku ile."

Akarudi nyumbani, akakaa dirishani. Hakushika nyundo. Jumapili nyingine ilikuja na kupita kama ile ya kwanza. Asubuhi yake gari la jeshi likasimama mbele ya mlango wa bluu, wakashuka watu wawili waliovaa sare zilizopigwa pasi. Mzee Kamba aliwaona kwa dirisha. Na unajua alisema nini? Alimwita mkewe kwa furaha, "Mama Kitinda, njoo! Wameleta habari za boksi!"

Mama alitoka chumbani, akawatazama kwa dirisha lile lile. Aliona kwamba wamevua kofia kabla hawajafika mlangoni. Akakaa chini sakafuni, pale pale Kitinda alipokuwa anakaa kung'arisha buti.

Waliambiwa kwamba mvua ilikuwa imelegeza daraja. Gari la doria lilipita juu yake, daraja likaondoka na gari. Waliokuwamo wanne, hakupona hata mmoja. Maji yalizuia kwa siku nyingi miili isipatikane na kutambuliwa, ndiyo maana habari zilichelewa.

Kitinda akaletwa, akazikwa. Kinyozi alifunga kibanda, akabeba viti vya wageni, akapanga, akapangua, hakufanya mzaha na mtu. Alipopewa mkono na Mzee Kamba alisema tu, "Nisamehe ulimi wangu, kaka," na Mzee Kamba akamjibu, "Ulimi wako ulikuwa unanionyesha njia."

Miezi ikapita. Siku moja mchana mlango ukabishwa. Alisimama kijana mrefu, mrefu kweli, mpaka akainama kupita mlangoni. Begani ana boksi lenye kamba. Mzee Kamba aliijua ile kamba kabla hajamjua mtu. Fundo lilikuwa lake.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama. Mimi nililala kitanda cha jirani na Kitinda. Wenzangu waliniita Mlingoti." Akaliweka boksi chini kama mtu anayelaza mtoto. "Sheria ilisema lirudishwe kwa posta. Nikaomba nilirudishe mwenyewe nikija likizo."

Wakamkaribisha, wakampa chai. Alizungushazungusha kofia yake mikononi, akaeleza.

"Siku lilipofika, sajini alikuwa anasoma majina haraka, akalisoma la Kitinda kabla hajafikiri. Akalisoma kwa nguvu. Tukasikia mvua tu ikigonga turubai. Mimi nikaona... nikaona haifai jina liitwe halafu likose mtu. Nikaitikia mimi. Nikasema, 'Nipo.' Likashushwa kwa watu wawili, Baba. Kama alivyotuambia."

Mzee Kamba aliitikia kwa kichwa.

"Alitusimulia sana habari zako. Lori likija ananawa uso, anachana nywele, anakwenda kwenye mstari. Anasema, 'Leo mtaona kazi ya mzee wangu.' Halafu zikawa mara nyingi. Watu wakaanza kumtania. Mwishowe siku za lori akawa anajitafutia zamu, asiwe pale mstarini."

Mama aliweka kikombe chini. Wanawake, nadhani mnajua lile swali ambalo moyo umeshalijibu, na bado mdomo lazima uliulize.

"Mwanangu," akasema, "ile siku ya daraja. Ilikuwa siku ya lori?"

Mlingoti hakuinua macho.

"Ilikuwa, Mama."

"Na zamu ile ya doria ilikuwa yake?"

Kijana yule mrefu akajikunja kwenye kile kiti mpaka akawa mdogo. "Hapana, Mama. Ilikuwa yangu. Aliniambia, 'Kaka, wewe kaa, kwenu hawakosi kukutumia. Mimi sina cha kusubiri.' Akachukua koti langu la mvua, akapanda."

Hakuna aliyelia kwa sauti. Kuna kilio kinachotoka na kuna kinachokaa, na kinachokaa ndicho kibaya. Nje mashine ya kinyozi ilikuwa inanguruma kidogo kidogo. Baadaye Mzee Kamba aliinuka, akatoa kisu kidogo, lakini hakuikata kamba. Alilifungua fundo kwa kucha, taratibu, kama alivyozoea, akaikunja kamba, akaiweka mezani. Akafungua kifuniko.

Vyote vilikuwa mahali pake. Lile boksi lilikuwa limepanda meli na kushuka, limerushwa na kubebwa, na hakuna kilichovunjika wala kuhama. Biskuti zilikuwa nzima. Hazikunuka sabuni. Katika miaka yote ya bohari hakuwahi kufunga mzigo vizuri kuliko ule. Na ile kona moja ilikuwa tupu, kama alivyoiacha, upana wa ngumi ya mtoto. Alitia mkono wake pale, akauacha.

"Kwa ajili ya hapa," akasema. "Kwa ajili ya hapa tu."

Mama alipiga magoti kando yake. Akatoa sufuria, ndani ya sufuria akatoa kikombe, ndani ya kikombe akatoa soksi, na penye pengo lake akaitoa ya pili. Akaenda nazo mpaka kwa Mlingoti.

"Vua viatu," akamwambia.

"Mama, hizi ni za..."

"Vua viatu, mwanangu. Nilizifuma zivaliwe."

Akavua. Zilimbana kidogo kwenye vidole, maana alikuwa na miguu mirefu, lakini visigino vilikaa. Pale ndipo yule askari alipolia, na mama akamshika kichwa.

Sasa nitawaambia yaliyobaki. Mpaka leo, mwezi ukiingia, Mzee Kamba anakwenda posta akiwa na boksi la askari begani. Anaandika juu yake jina la Mlingoti au la askari mwingine yeyote ambaye kinyozi amesikia kwa mpwa wake kwamba hajatumiwa kitu. Ndani hutia jozi ya soksi aliyofuma mkewe. Basi. Hapangi, hapimi, hazibi kona.

Mara ya kwanza karani alilinyanyua kwa mkono mmoja, akashangaa. Soksi zikasikika zikiteleza huku na huku.

"Mzee wangu, mbona hili ni hewa tupu? Ungetia kwenye bahasha, bei ndogo, inakwenda haraka."

"Bahasha nimekwisha kuituma jana, binti yangu," akajibu. "Ile ni ya miguu yake. Hili ni la jina lake. Gonga mhuri."

Karani akagonga. Mzee Kamba akasimama pale kaunta mpaka alipoliona limechukuliwa na kuingizwa ndani, na hapo tu ndipo alipogeuka kwenda zake.

MANENO YA KUSHIKA

Wazazi wenzangu, kubana matumizi ni sifa njema, na mtu anayetafuta njia nafuu ya kumfikishia mwanawe mzigo ana akili. Lakini unafuu ni mtumishi wetu. Tukiufanya bwana utatukalisha sebuleni na boksi wazi, huku aliye mbali anahesabu majina ya wenzake.

Ukiwa na mtu wako ng'ambo, awe askari, mwanafunzi au kibarua, usingoje boksi lijae. Tuma kilichopo leo. Kama nauli ni kubwa, shirikianeni na jirani, au tia kidogo kwenye bahasha, hata kama ni makombo. Kikubwa kitafuata kama kitafuata. Na aliye mbali akiomba kitu kidogo, msikilize mara mbili, kwa kuwa mara nyingi haombi kile kitu. Anaomba kujua kwamba huku nyumbani jina lake bado linatajwa.

Na nyinyi kina mama mnaonyamaza kwa heshima: heshima ni nzuri, lakini kuna siku ya kuziweka soksi kwenye bahasha na kwenda posta mwenyewe.

Hewa hailipiwi nauli, alisema Mzee Kamba, na alisema kweli kwa mizigo ya bohari. Mtoto si mzigo wa bohari. Nimemaliza. Aliye na simu pembeni yake, na ampigie mtu wake sasa hivi.